Siwa ya pili

Mwezi jana rafiki yangu wa Nairobi alinipigia simu. Anaanzisha programu ya malipo, na alimtaka developa mmoja aliye kwenye mradi wa vijana wenzetu, ule wa kuwasaidia wavuvi kuuza samaki. "Wewe unamjua. Mpelekee ofa kimyakimya, mshahara mara mbili." Nikamwambia nitafikiria.

Nilikuwa nyumbani Lamu kwa likizo. Kesho yake nikajikuta katika Jumba la Makumbusho, mbele ya siwa ya Pate: baragumu la pembe ya ndovu, refu kuliko mimi, la mwishoni mwa karne ya 17. Siwa haikuwa ngoma ya kila mtu. Ilikuwa alama ya ufalme. Bila mlio wake, harusi au jando la watu wakubwa lilipungua heshima. Aliyeishika ndiye aliyeamua nani ni mtu.

Habari za kale za Pate zasimulia kwamba Mwana Darini, mwanamke wa nyumba ya kifalme aliyekosana na sultani, alitaka kumfanyia mwanawe jando. Siwa iko kwa sultani, na alijua hataipata. Hakubembeleza. Alimwita Mwenyi Bayayi, fundi aliyesifika kwa kuchonga, akamuuliza kama anaweza kumtengenezea nyingine. Akaweza. Siku ya sherehe mji ukasikia siwa ambayo sultani hakuitoa. Baadaye, wasimulizi wanasema, ile ya zamani ilizama baharini, ikabaki ya fundi.

Nilitoka pale nimeshapata jibu. Mwenyi Bayayi hakuiba siwa ya mtu. Alitumia mikono yake mwenyewe. Ujuzi ni wa fundi, si wa sultani. Kwa hiyo ofa niipeleke tu, sivyo?

Jioni nikamsimulia ami yangu, mchonga milango wa Langoni. Alicheka, kisha akanyamaza.

"Mwanangu, fundi si mtumwa. Lakini kuna tajiri aliwahi kunitolea kijana wangu, mlango umefika nusu. Kijana simlaumu, ana watoto. Ila mlango ule ulikaa miezi minane, na mwenye nyumba akaozesha binti yake mlangoni pana turubai."

Hapo nikaona nilichokiruka. Sultani alikuwa na siwa yake tayari. Hakuna aliyeachiwa pembe nusu. Na alikuwa sultani: alimnyima mwenzake, akastahili mshindani. Wale vijana wa samaki hawajamnyima mtu kitu. Wako watano, na anayeujua mfumo wote ni mmoja. Akiondoka usiku, hasara si ya bosi, ni ya mvuvi anayesubiri pesa zake.

Kumzuia asisikie ofa nako ni kumfanya mali ya mradi. Basi nikampigia developa mwenyewe, mchana, nikamwambia yote: nani anamtaka, kwa kiasi gani, na kwamba ni haki yake kwenda. Nikamwomba awaambie wenzake kabla hajasaini. Kisha nikamuuliza swali la ami: mlango umefika wapi?

Ameomba miezi miwili, amalize kazi na kumfundisha mwenzake. Rafiki yangu amenuna. Anasema soko halingoji mtu.

Harusi ya yule binti pia haikungoja.