Tumbuu ya Umeme: Majina ya Vifungio vya Mlango, kwa Mfano wa Kilosa na Mikumi

Katika kazi ya kuunda istilahi hutokea mara nyingi kwamba kitu kidogo hututaabisha kuliko kikubwa. Treni ya umeme haikumsumbua mtu kwa jina. Lakini kipo kifaa kidogo cha chuma kitiwacho katika mwimo wa mlango wa ofisi, ambacho huuachilia ulimi wa kitasa mtu aliye mbali abonyezapo swichi, nacho kila fundi hukiita atakavyo na kila mfasiri hukiandika apendavyo. Makala haya yanakusudia kulitafuta jina lake. Kwa kuwa majina hayaokotwi hewani, hapana budi kuanza na historia.

Tumeichukua Wilaya ya Kilosa kuwa mfano wetu. Misafara ya kutoka pwani kwenda maziwa makuu ilipita katika bonde la mto Mkondoa. Baadaye ikaja reli ya kati, iliyoanzwa kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Mashamba ya mkonge yakaleta vibarua wa makabila mengi, ambao Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Mikumi ni mji mchanga zaidi, uliokua kando ya barabara kuu iendayo Iringa na Zambia, jirani na hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 1964. Leo kuna chuo cha ufundi cha VETA na nyumba nyingi za wageni. Mahali pa namna hii maneno ya pwani hujaribiwa: yapo yanayofika bara na kukaa, na yapo yanayoishia njiani.

Tutazame neno boma. Asili yake ni ua au ngome ya miti. Wajerumani walipoweka vituo vyao, Kilosa ikiwa kimojawapo, watu waliitazama ngome wakaiita kwa jina walilokuwa nalo, na jina likahama kutoka uani hadi kwa serikali yenyewe. Hakuna kamati iliyoketi. Neno la zamani lilinyoshwa tu likatosha kitu kipya.

Mlango nao umejengwa kwa maneno ya tabaka mbalimbali. Mlango wenyewe, mwimo, ufunguo, komeo na kipingo ni maneno ya Kibantu, na mengi yanatoka katika vitenzi: ufunguo ni wa kufungua, komeo ni la kukomea, kipingo ni cha kupinga. Kufuli na bawaba yalitoka katika Kiarabu, pamoja na bawabu, yule mtu akaaye mlangoni. Fremu na swichi ni za Kiingereza. Kisha kuna riza, yaani mnyororo wa mlango, na tumbuu, yaani kile kipande cha chuma kilichopindwa kama pete na kukazwa kwenye mwimo ili kupokea riza au kufuli. Twaomba msomaji alishike neno hili la mwisho.

Kifaa tunachokizungumzia hufanya nini? Katika kitasa cha kawaida, ulimi huingia katika tundu la kibati kilichopigiliwa kwenye mwimo, na mlango haufunguki mpaka ulimi urudishwe kwa ufunguo au kwa kitasa. Kifaa hiki huchukua mahali pa kile kibati. Upande wake mmoja una mdomo wa chuma uliofungwa kwa bawaba ndogo. Ndani yake mna koili. Mkondo wa umeme ukipita, koili huwa sumaku, huondoa kizuizi, na mdomo huweza kusukumwa kando. Mtu husukuma mlango, nao unafunguka ingawa ulimi bado umetoka. Kitasa chenyewe hakikuguswa.

Kwa hiyo jina la kitasa cha umeme halifai, maana kitasa hakina umeme. Kufuli la umeme halifai zaidi. Sumaku ya mlango ni kifaa kingine kabisa, bamba linalonata juu ya mlango kwa nguvu ya sumaku peke yake. Wapo wanaoelekea kufasiri Kiingereza, ambacho hukiita kifaa hiki kwa neno la kupiga, kwa sababu ulimi hukigonga mlango ufungwapo. Tukisema kigongo au kigonga tutakuwa tumetaja kelele tukaiacha kazi. Kazi yake ni kupokea na kuachilia, na kifaa cha mwimoni chenye kazi ya kupokea tayari kina jina: ni tumbuu. Twapendekeza tumbuu ya umeme.

Jina likiwa sahihi, maelezo ya kuchagua na kufunga huwa mepesi. Fundi huanza kwa kutazama kitasa, si tumbuu. Ulimi una urefu gani, na je, kando yake pana ulimi mdogo wa ulinzi? Ulimi huo mdogo hauna budi kubaki umebanwa juu ya uso wa tumbuu; ukitumbukia ndani, mlango waweza kufunguliwa kwa kisu chembamba. Kisha huutazama mwimo, kama ni wa mbao, wa chuma au wa alumini, ili ajue kina cha tundu la kuchimba. Volti za kawaida ni 12 au 24. Mkondo geu hutoa mlio wa kunguruma, nao humjulisha mgeni kwamba sasa aweza kusukuma. Mkondo mnyoofu hunyamaza. Waya ukiwa mrefu na mwembamba, volti hupungua kabla ya kufika. Mlango nao usiwe umeibana tumbuu kwa sababu ya mbao kuvimba au bawaba kulegea, maana mdomo uliolemewa huenda usiachilie hata umeme ukija.

Sasa tunafika penye hatari. Tumbuu hizi ni za aina mbili. Aina ya kwanza hufunguka umeme ukikatika. Ya pili hubaki imefungwa. Kiingereza huzitofautisha kwa maneno mawili ambayo mfasiri mwenye haraka huweza kuyaandika yote mawili kuwa salama. Salama ya nani? Aina ya kwanza ni salama ya mtu aliyemo ndani, na ya pili ni salama ya mali. Katika nchi iliyopata kuishi na mgawo wa umeme, kama mwaka 2006 ukame ulipopunguza maji ya mabwawa yetu, Kidatu kusini ya Mikumi likiwa mojawapo, swali hili si la darasani. Stoo ya dawa iliyowekewa aina ya kwanza ingebaki wazi kila umeme ukatikapo. Aina ya pili haina ubaya pale ambapo mtu wa ndani aweza kurudisha ulimi kwa mkono wake. Lakini ikiwekwa kwenye mlango unaotaka ufunguo pande zote mbili, na madirisha yana nondo, watu wamefungiwa. Mwezi wa Machi 2001, katika shule ya Kyanguli, Machakos, Kenya, wanafunzi 67 walikufa kwa moto bwenini. Mlango mmoja ulikuwa na kufuli na madirisha yalikuwa na nondo. Pale hapakuwa na tumbuu ya umeme, lakini mlango ni mlango.

Hivyo twaliondoa neno salama kabisa. Kuna atakayependa maneno mafupi, kama tumbuu achilizi na tumbuu shikilizi. Yanapendeza masikioni, lakini karani aliyeyasoma mara moja atayachanganya. Afadhali urefu: tumbuu ifungukayo umeme ukikatika, na tumbuu ibakiyo imefungwa umeme ukikatika.

Tunajua kwamba wengi wa bara hawalijui neno tumbuu, na kwamba tumbuu ya kale ni pete, si kisanduku chenye koili. Hoja ya pili haitutishi. Watu wa Kilosa waliendelea kusema gari moshi hata injini za dizeli zilipochukua nafasi ya zile za mvuke, na tangu mwaka 2024 treni zisizotoa moshi hata kidogo hupita hapo zikienda Dodoma. Hoja ya kwanza ina uzito, nayo hujibiwa kwa matumizi: mwalimu wa ufundi alitamke akiwa na kifaa mkononi, na ofisi iliandike katika hati zake za kuagiza vifaa. Ngeli yake ni ya I-/ZI-, hivyo mtunza stoo ataandika: tumbuu za umeme 4, volti 12, mkondo mnyoofu, za mwimo wa mbao, zifungukazo umeme ukikatika.