Foto isiyo na negativu

Nyumbani kwetu Bel-Air, Kampemba, mjini Lubumbashi, ukutani pana foto ya mtoto aliyevaa kaptula. Ukingo wake ni mweupe, mpana upande wa chini, na rangi zimekuwa za chai. Ndugu wameomba nakala, lakini foto hiyo haina negativu. Kilichotoka kwenye kamera siku ile ndicho hicho kinachoning'inia pale.

Ni foto ya papo hapo. Edwin Land wa kampuni ya Polaroid alionyesha kamera ya aina hiyo nchini Marekani tarehe 21 Februari 1947: dawa zimo ndani ya karatasi yenyewe, na baada ya dakika moja picha unayo. Haraka hiyo haikuwa ngeni kwetu. Miaka ya 1930 mpiga picha Antoine Freitas alizunguka Kasai na sanduku lake, kamera na chumba cha giza pamoja.

Lakini ninayemwaza kila nikitazama ukuta ule ni mpiga picha Samuel Fosso. Alifungua studio Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, mwaka 1975, akiwa na miaka 13. Wateja walitaka foto zao upesi, na filamu ilipobakiza nafasi chache, alijipiga mwenyewe, kisha akamtumia bibi yake Nigeria, ajue kwamba mjukuu aliyenusurika vita vya Biafra yu mzima. Kujipiga huko hakukuacha tena. Mwaka 2014 nyumba yake Bangui ikaporwa, picha na negativu zikatupwa nje, na waandishi wa habari waliofika pale wakaokota walizoweza. Mwaka uliofuata alikaa mbele ya kamera kubwa ya Polaroid na kujipiga picha 666: uso uleule, bila mavazi ya kuigiza, hisia zikibadilika kidogo kidogo. Mtu ambaye negativu zake zilitupwa nje alichagua foto zisizo nazo kabisa. Kwangu huo ni ujasiri mkubwa.

Hapa Lubumbashi, msanii Sammy Baloji alifanya kazi yake *Mémoire* mwaka 2006 kwa kuwakata wafanyakazi kutoka picha za enzi ya ukoloni na kuwasimamisha kwenye magofu ya kampuni ya madini ya Gécamines. Aliweza kwa sababu picha hizo zilihifadhiwa. Mwaka 2008 yeye na wenzake wakaanzisha kituo kiitwacho Picha, kitovu cha bienali yetu ya sanaa. Mwaka huohuo Polaroid ikatangaza kuacha kutengeneza filamu zake.

Foto yetu nimeihamishia ukuta wa pili. Jua la saa tisa lilikuwa linaifikia.