UZI: Mbwa ni wa jirani, digidigi ni wa serikali, ranchi ni ya wanahisa

Wadau, huku Taita Taveta hakuna baraza wala kampeni inayoisha bila mtu kuuliza wanyamapori ni wa nani. Leo tuliingie swali hilo kwa mlango mdogo: mbwa.

Chukua barabara ya vumbi inayotoka Maungu kwenda Buguta na Kasigau. Huku na huku ni ranchi. Katikati kuna vijiji, na kwenye vijiji kuna mbwa. Mwenye mbwa anaingia ranchi nao, wanamkurupusha digidigi, jioni kuna kitoweo. Au mbwa wameenda wenyewe na mwenyewe yuko nyumbani amelala. Mwenye ranchi afanye nini?

Kuna watakaosema "huyo ni mwizi, ashikwe." Wengine watasema "babu zake waliwinda hapo kabla ranchi iwe ranchi." Majukwaani kila mheshimiwa huchagua upande mmoja, anapigiwa makofi, basi. Shida ni kwamba pande zote mbili zinasema kweli, kwa sababu hapa kuna mali tatu, yaani ardhi, mnyama na mbwa, na kila moja iligawiwa kwa wakati wake na kwa mtu wake.

Tuanze na ardhi. Nyika hii haikuwa tupu. Wataita walilima milimani na kushuka tambarare kulisha na kuwinda. Wawaata, ambao vitabu vya kikoloni viliwaita Waliangulu, waliishi kwa upinde na mshale wa sumu, na pembe walizopata ziliuzwa hadi pwani. Wakoloni walipokuja, ardhi isiyo na shamba wala nyumba waliihesabu kuwa ya Mfalme. Mwaka 1915, vita vya Mwingereza na Mjerumani vilipofika hapa, watu wa Kasigau walishukiwa kumsaidia Mjerumani. Waingereza wakawachomea nyumba na kuwahamishia Malindi. Waliobaki hai walirudi miaka ya 1930. Fikiria, karibu miaka ishirini mlima hauna wenyewe. Mtu akikuambia nyika ilikuwa wazi, muulize wazi kwa sababu ya nani.

Kisha mwaka 1948 ikatangazwa Hifadhi ya Taifa ya Tsavo. Leo karibu asilimia 62 ya kaunti nzima ni Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Hiyo asilimia kila mwanasiasa wetu anaijua kwa moyo. Kilichobaki kati ya hifadhi hizo mbili, sehemu kubwa ilikatwa kuwa ranchi mwishoni mwa miaka ya 1960 na miaka ya 1970, enzi za mradi wa serikali wa kukuza mifugo uliopata mkopo wa Benki ya Dunia. Watu wakanunua hisa. Wazo lilikuwa ng'ombe wa nyama. Ukame, madeni na uongozi mbaya viliziangusha nyingi, lakini hatimiliki zilibaki. Kwa hiyo kijijini unaweza kupata mpaka wa ranchi nyuma ya choo cha mtu.

Mnyama naye ana historia yake, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi huchanganyikiwa.

Mwaka 1900 mataifa ya Ulaya yaliyotawala Afrika yalikutana London na kutia sahihi mkataba wa kulinda wanyama wa pori. Mkataba ule ulitaka nyavu na mashimo ya kutegea vipigwe marufuku. Sasa jiulize, nani aliwinda kwa shimo na wavu? Si aliyekuwa na bunduki. Mwenye bunduki alitengenezewa leseni. Huyo akaitwa mwindaji, na mwenye upinde akaitwa jangili. Simaanishi kwamba tembo hawakuhitaji ulinzi, walihitaji. Nasema tu kwamba mstari kati ya uwindaji na ujangili ulichorwa kwa kufuata chombo na leseni, na mstari huo bado tunautembelea.

Kuanzia 1956 kikosi cha Tsavo, chini ya maofisa kama David Sheldrick na Bill Woodley, kiliendesha msako mkubwa dhidi ya wawindaji wa tembo. Wawaata wengi walifungwa. Hata baadhi ya wale waliowasaka waliona kuna jambo halijakaa sawa: umemfunga mtu kwa kazi pekee anayoijua, akitoka atakula nini? Ndiyo maana mwaka 1960 ukaanzishwa mpango wa Galana, kaskazini mashariki ya hifadhi, ili Wawaata wawinde kihalali kwa usimamizi. Haukuwafaa sana. Mwishowe eneo likageuka ranchi ya kibiashara. Hiyo nafasi ilipotea na haijawahi kurudi.

Halafu Mei 1977 serikali ya Kenya ikapiga marufuku uwindaji wote. Hapa ndipo mambo yanakuwa magumu kwa mwenye ranchi pia, na hili majukwaani halisemwi. Tangu siku hiyo, ukiwa na hatimiliki ya ekari elfu hamsini, digidigi anayelala chini ya kichaka chako si wako. Huwezi kumla. Miaka ya 1990 kulikuwa na majaribio ya kuruhusu ranchi kadhaa nchini kuvuna idadi fulani ya wanyama, yakasimamishwa 2003. Desemba 2004 Bunge likapitisha mswada wa kubadilisha sheria ya wanyamapori, kukawa na kelele kwamba unafungua mlango wa uwindaji wa starehe, Rais akakataa kuutia sahihi. Sheria tuliyo nayo sasa, ya 2013, inataja uwindaji wa starehe, uwindaji wa kujilisha na uwindaji wa kuuza nyama kama makosa tofauti, lakini yote ni makosa. Digidigi wa kilo tano kwa ajili ya sufuria ya nyumbani ni kesi mahakamani.

Kwa hiyo mwenye ranchi akisema "wanakula wanyama wangu", kisheria amekosea. Na jirani akisema "mnyama ni wa Mungu", kisheria naye amekosea. Mnyama yuko mikononi mwa serikali kwa niaba ya umma, ila anakula majani ya mwenye ranchi na mahindi ya jirani.

Haya, mbwa sasa.

Ugomvi wa mbwa wa kuwinda na mwenye ardhi haukuanzia Maungu. Uingereza ya zamani, Hati ya Misitu ya 1217 iliweka utaratibu kwamba mbwa wakubwa wanaoishi karibu na misitu ya mfalme wakatwe kucha tatu za mguu wa mbele, wasiweze kumkimbiza ayala (yule mnyama wa kwenye Zaburi). Mwaka 1390 Bunge lao likaenda mbali zaidi: raia wa kawaida asiye na ardhi ya kumwingizia shilingi 40 kwa mwaka haruhusiwi kufuga mbwa wa kuwinda kabisa. Yaani mbwa alipimwa kwa hatimiliki ya mwenyewe. Watu waliotuletea sheria za uwindaji walikuwa na miaka mia kadhaa ya mazoezi nyumbani kwao, dhidi ya maskini wao wenyewe.

Lakini sheria hiyohiyo ya Kiingereza, kwa mambo ya kuingia shambani, ilikuwa na huruma ya ajabu kwa mbwa. Ng'ombe wako akiingia kwa jirani ulilipa bila kuulizwa. Mbwa akizurura kwa jirani, hukulipa, isipokuwa ulimtuma. Swali la "ulimtuma?" likafika Mahakama Kuu ya Uingereza mwaka 1985. Shirika linalopinga uwindaji lilikuwa limenunua ardhi Exmoor liwe kimbilio la ayala, na mbwa wa chama cha uwindaji wakawa wanaingia mara kwa mara. Jaji akasema kiongozi wa msako anawajibika kama alikusudia mbwa waingie, au kama alizembea kuwazuia. Na ukiendelea kuwinda pembezoni mwa ardhi ya mtu huku unajua mbwa hawazuiliki, mahakama inaweza kuona ulikusudia.

Marekani, jimbo la Virginia limechukua njia nyingine. Huko ayala huwindwa kwa mbwa, na sheria inamruhusu mwindaji kuingia ardhi ya mtu kumchukua mbwa wake hata bila ruhusa, mradi asibebe bunduki. Wenye ardhi wamelalamika miaka na miaka.

Turudi Maungu. Mwenye ranchi wetu ana nini mkononi? Ana Sheria ya Kuingia Ardhi ya Mtu, Sura ya 294, inayomshika anayeingia, anayelima au anayelisha mifugo bila ruhusa. Ukiisoma unaona iliandikwa na mtu aliyewaza watu na ng'ombe. Mwenye mbwa akiwa ameingia mwenyewe, kesi ipo. Mbwa akiwa peke yake, uwanja ni mwembamba. Ana KWS wa kuwaita. Asicho nacho ni ruhusa ya kutega sumu. Kuua mnyama wa mtu kwa makusudi ni kosa la jinai, na sumu haichagui: fisi atakula mzoga, tai watakula fisi.

Na tusimdharau mwenye ranchi. Hofu yake si nyama tu. Mwaka 1994 kule Serengeti ugonjwa wa virusi ulioaminika kutoka kwa mbwa wa vijijini uliua karibu theluthi moja ya simba. Siku hizi ranchi nyingi za ukanda wa Kasigau ziko kwenye mradi wa hewa ya kaboni, ambao ulianza kutoa hati zake za kaboni mwaka 2011. Miti iliyosimama imekuwa mapato, na wanyama ndio wanaoipa nyika hii jina nje. Msituni kukiwa kimya, kuna pesa inapotea.

Lakini pia huwezi kumwambia mama wa Buguta afunge mbwa usiku. Mbwa ndiye anayebweka fisi akija kwenye mbuzi, na ndiye anayefukuza nyani shambani. Mimi naona chanjo ya mbwa ya bure kijiji kwa kijiji ingezima nusu ya ugomvi huu kwa bei ndogo kuliko kesi kumi, na sijasikia mgombea hata mmoja akiiahidi. Haina makofi, nadhani.

Jambo la mwisho. Hisa za ranchi hizi zilinunuliwa na watu wa hapahapa, wazee wa milima hii. Wengine wameshafariki na cheti kiko kwenye sanduku chini ya kitanda. Kwa hiyo kijana anayeshikwa na mbwa wake ndani ya ranchi anaweza kuwa mjukuu wa mwanahisa, aliyeingia bila ruhusa kwenye ardhi ambayo sehemu yake ndogo ni ya familia yake, na gawio lake hajawahi kuliona.

Kesho nitaandika kuhusu fidia: kwa nini sheria ya 2013 inataja milioni 5 kwa aliyeuawa na mnyama, na kwa nini familia bado zinangoja. Kama nyumbani kwenu kuna cheti cha hisa cha ranchi, uliza mkutano mkuu wa mwisho ulikuwa lini, uje utuambie hapa chini.