Epoleti: Pambo la Bega na Alama ya Cheo

Epoleti ni pambo la begani katika sare za kijeshi. Jina lake limetokana na neno la Kifaransa lenye maana ya bega. Sehemu zake kuu ni mbili: kibao bapa kilichofunikwa nyuzi za zari, na matamvua yanayoning'inia ukingoni. Huanza karibu na shingo, kwenye kifungo, na kuishia penye ncha ya bega.

Nchini Uingereza, maofisa wa Jeshi la Majini waliruhusiwa rasmi kuvaa epoleti mwaka 1795. Nahodha aliyetimiza miaka mitatu katika cheo alivaa mbili. Ambaye hajaitimiza alivaa moja, bega la kulia. Kamanda alivaa moja, bega la kushoto. Maadmirali walitofautishwa kwa nyota.

Horatio Nelson, admirali wa jeshi hilo la majini, alivaa koti lenye epoleti katika vita vya Trafalgar, tarehe 21 Oktoba 1805. Risasi iliyomuua ilipenya bega la kushoto, ikachukua vipande vya zari. Koti hilo, likiwa bado na tundu la risasi, limehifadhiwa katika makumbusho ya bahari ya Greenwich, London.

Jeshi la nchi kavu la Uingereza liliacha epoleti mwaka 1855. Katika majeshi mengi zilibaki kwenye sare za sherehe, na sare za kazi zikatumia kamba bapa ya begani, ambayo hata leo hubeba nyota na alama nyingine za vyeo.