Haki ya Kurekebisha na Kazi ya Kurekebisha: Historia Fupi ya Linux kwenye Kompyuta za Mezani, 1983–2017

1.0 Utangulizi

Kiswahili kina maneno mawili mahali ambapo Kiingereza kina moja. Kitu kisicholipiwa ni cha bure. Kitu kisichofungwa na mwenye mamlaka ni huria, kama isemwavyo soko huria au Chuo Kikuu Huria. Waasisi wa programu huria walilazimika kueleza mara kwa mara kwamba walizungumzia uhuru na wala si bei. Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo hayo. Hata hivyo, neno bure lina maana ya pili, yaani pasipo faida, na maana hiyo inaibua swali zito: haki ya kurekebisha programu ina faida gani kwa mtu asiye na muda, ujuzi wala msaidizi wa kuirekebisha?

Makala haya yanachunguza swali hilo kwa kufuatilia historia ya Linux kwenye kompyuta za mezani. Masimulizi mengi ya historia hii hujikita katika waasisi na leseni zao. Hoja kuu ya makala haya ni kwamba leseni ilitoa haki ya kurekebisha, lakini haikuamua nani angefanya kazi ya kurekebisha, na kwamba uzoefu wa mtumiaji wa kila siku ulitegemea zaidi jambo hili la pili. Wabebaji watatu wa kazi hiyo wanajadiliwa: mtumiaji binafsi, mradi wa muda, na taasisi.

2.0 Printa na Leseni

Chimbuko la programu huria lilikuwa tatizo la kawaida la ofisini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, maabara ya akili unde ya MIT nchini Marekani ilipokea printa ya leza kutoka kampuni ya Xerox. Karatasi zilikuwa zikikwama mara kwa mara katika printa iliyotangulia, na Richard Stallman, mtunzi wa programu katika maabara hiyo, alikuwa ameirekebisha programu yake ili iwaarifu watumiaji pindi kazi inapokwama. Printa mpya ilikuja bila msimbo chanzo, yaani maandishi ya programu ambayo binadamu anaweza kuyasoma na kuyabadilisha. Stallman alipomwomba nakala mtafiti mmoja wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, alikataliwa kwa sababu mtafiti huyo alikuwa amefungwa na ahadi ya kutoutoa msimbo huo.

Tarehe 27 Septemba 1983 Stallman alitangaza mradi wa GNU, uliokusudia kujenga mfumo endeshi kamili ambao kila mtu angeruhusiwa kuutumia, kuuchunguza, kuubadilisha na kuusambaza. Shirika la Free Software Foundation lilifuata mwaka 1985, na leseni ya GPL mwaka 1989. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alitoa kiini cha mfumo endeshi kilichoitwa Linux. Mwaka uliofuata kiini hicho kikawekwa chini ya GPL.

Jambo la kuzingatia ni kwamba, katika maabara ya MIT, aliyepatwa na tatizo na aliyekuwa na uwezo wa kulitatua alikuwa mtu yuleyule. Leseni iliandikwa kwa kumfikiria mtu wa namna hiyo. Linux ilipotoka maabara na kufika mezani kwa katibu muhtasi, mwalimu na mwanafunzi, umoja huo ulivunjika.

3.0 Mtumiaji kama Fundi

Katika miaka ya 1990 mzigo wa kurekebisha ulimwangukia mtumiaji mwenyewe. Aliyetaka kuona madirisha na alama badala ya mistari ya amri alitakiwa kuandika katika faili la mipangilio vipimo vya marudio ya skrini yake, tena kwa uangalifu, kwani kwa baadhi ya skrini za wakati huo vipimo visivyo sahihi viliweza kuharibu kifaa. Modemu nyingi za bei nafuu zilihamishia sehemu ya kazi yao kwenye programu ya Windows, na bila programu hiyo hazikufanya lolote. Baadaye kadi za mtandao pasiwaya zilileta adha ileile: watengenezaji wengi hawakutoa viendeshi vya Linux, hata ikabuniwa programu ya NdisWrapper ili kuazima viendeshi vya Windows.

Walikuwapo walioutambua mzigo huo. Mwaka 1996 Matthias Ettrich, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tübingen nchini Ujerumani, alianzisha mradi wa KDE kwa lengo la kumpa mtumiaji wa kawaida mazingira ya kazi yenye mwonekano mmoja. Mradi wa GNOME ulifuata mwaka 1997, kwa kuwa waanzilishi wake hawakuridhika na leseni ya Qt, maktaba ya programu iliyotumiwa na KDE. Mnamo Oktoba 2004 Ubuntu, iliyogharimiwa na Mark Shuttleworth, mfanyabiashara mzaliwa wa Afrika Kusini, ilitoa toleo lake la kwanza. Hadi mwaka 2011 CD zake zilitumwa kwa posta, bila malipo, kwa yeyote aliyeziomba popote duniani.

Kwa Afrika Mashariki utaratibu huo una uzito wa kihistoria. Kebo ya baharini ya SEACOM ilianza kutoa huduma Julai 2009. Kabla ya hapo eneo hili lilitegemea zaidi setilaiti, ambayo ilikuwa ghali na ya polepole. Kupakua diski nzima ya takribani megabaiti 700 kwa njia hiyo halikuwa jambo la mtu wa kawaida. CD ya posta iliondoa kikwazo cha kuupata mfumo, lakini haikuondoa kikwazo cha kuutunza, kwa kuwa masasisho, viendeshi na programu za ziada vilihifadhiwa kwenye seva za mbali. Ubunifu uliomrahisishia kazi mtumiaji wa Ulaya, yaani ghala la programu mtandaoni, ulichukulia kwamba intaneti ipo wakati wote.

4.0 Mradi wa Muda: Jambo OpenOffice

Sehemu ya pili ya kazi ya kurekebisha ilihusu lugha. Oktoba 2000 kampuni ya Sun Microsystems iliufungua msimbo wa StarOffice, na hapo ikazaliwa OpenOffice.org. Kuanzia hapo, jamii iliyotaka lugha yake ionekane kwenye skrini haikuhitaji kusubiri kampuni ipime ukubwa wa soko. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux na kwa ushirikiano na kampuni ya IT+46 ya Sweden, kiliitafsiri programu hiyo, na Desemba 2004 Jambo OpenOffice ikatolewa. Mwaka huohuo Microsoft nayo ilikuwa imetangaza mpango wa kuleta bidhaa zake kwa Kiswahili.

Ugumu wa kazi hiyo ulizidi uteuzi wa istilahi, kama vile kuchagua kati ya kompyuta na tarakilishi. Programu nyingi hutungwa kwa ujumbe wenye nafasi tupu, ambapo jina la kitu hujazwa baadaye na kompyuta. Kiingereza hustahimili muundo huo kwa urahisi. Katika Kiswahili kitenzi hufuata ngeli ya nomino: faili limefutwa, picha imefutwa, kielelezo kimefutwa. Mtafsiri asiyejua nafasi hiyo itajazwa na nomino gani hana budi kubuni sentensi inayokwepa upatanisho wa kisarufi, au kuomba msimbo wenyewe ubadilishwe. Leseni huria iliruhusu njia zote mbili, ila njia ya pili ilihitaji mtu mwenye ujuzi wa isimu na wa programu kwa pamoja.

Ugumu mkubwa zaidi ulikuwa wa wakati. Jambo OpenOffice ilitokana na toleo la 1.1, Oktoba 2005, miezi kumi tu baadaye, OpenOffice.org ilitoa toleo la 2.0 lililoongeza sehemu mpya, ikiwamo programu ya hifadhidata. Mwaka 2010 Sun ilimilikiwa na Oracle, na sehemu kubwa ya watunzi wakajitenga na kuanzisha LibreOffice. Kila toleo lilileta ujumbe mpya wa kutafsiri. Kwa hiyo mradi wenye mwanzo na mwisho ulikuwa umekabidhiwa kazi isiyo na mwisho.

5.0 Taasisi: Munich na Gendarmerie ya Ufaransa

Je, taasisi kubwa yenye bajeti na mafundi ingeweza kuibeba kazi hii? Mifano miwili ya Ulaya inatoa majibu tofauti. Mei 2003 baraza la jiji la Munich liliamua kuachana na Windows katika kompyuta zake zipatazo 14,000, licha ya Steve Ballmer, mtendaji mkuu wa Microsoft, kwenda mwenyewe kumwona meya Christian Ude. Uhamisho ulikamilika mwaka 2013. Hata hivyo, mwaka 2017 baraza lilipiga kura ya kurejea Windows. Malalamiko ya watumishi yalihusu kubadilishana nyaraka na ofisi za nje na programu maalumu zilizohitaji Windows. Ripoti ya washauri ya mwaka 2016 ilionesha pia kwamba matatizo mengi yalitokana na mpangilio wa idara za TEHAMA zenyewe.

Gendarmerie ya taifa ya Ufaransa ilifuata njia nyingine. Ilianza na OpenOffice mwaka 2005, ikaongeza Firefox na Thunderbird, na ndipo kuanzia mwaka 2008 ikaubadilisha mfumo endeshi wenyewe kwa Ubuntu, hadi kuvuka kompyuta 70,000. Askari alipoletewa Linux, alikuta programu alizokwisha kuzizoea. Leseni za pande zote mbili zilifanana. Kilichotofautiana ni mpangilio wa kazi na uthabiti wa uamuzi wa wakuu.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba historia ya Linux mezani haielezeki kwa leseni pekee. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo huchukulia kwamba nyumba ina mwenyewe anayeuona ufa. Programu huria ni nyumba ambayo kila mtu anaruhusiwa kuziba ufa wake, na ruhusa hiyo haimwajibishi yeyote.

Kwa Kiswahili, athari ya jambo hili ni bayana. Haki ya kukiweka Kiswahili kwenye skrini imekuwapo tangu msimbo ulipofunguliwa, na Jambo OpenOffice ilithibitisha kwamba inaweza kutekelezwa. Lakini tafsiri isiyotunzwa huachwa nyuma na toleo linalofuata, na mtumiaji hurudi kwenye Kiingereza bila mtu yeyote kuamua hivyo. Inapendekezwa kwamba idara za Kiswahili na za sayansi ya kompyuta vyuoni ziichukulie kazi hiyo kuwa wajibu wa kudumu, kama utunzaji wa kamusi na maktaba, na kwamba watafiti wa historia ya teknolojia wawape watunzaji nafasi iliyokwisha kutolewa kwa waasisi.