Magofu au Makaburi? Kunduchi na Vyeo vya Mwambao

Mahali panapoitwa Magofu ya Kunduchi, katika Manispaa ya Kinondoni, pana mambo mawili ambayo jina hilo limeyachanganya. Pana mabaki ya msikiti wa kale, nayo ni gofu kwa maana kamili ya neno: jengo lililobaki kiunzi. Karibu nayo, penye mibuyu, pana makaburi ya mawe, mengi yakiwa ya karne ya 18 na ya 19. Kaburi haliwi gofu kwa kukosa paa, kwani halikukusudiwa kukaliwa na walio hai. Huwa gofu pale ukoo unapoacha kulizuru.

Baadhi ya makaburi hayo yana nguzo, nazo zilipambwa kwa vyombo vya kaure kutoka China. Penye vilivyong'olewa pamebaki mashimo ya duara katika chokaa. Chombo kilichovuka bahari hakikuwekwa juu ya kaburi la mtu yeyote tu. Wenye vyeo katika mwambao huu walikuwa majumbe na madiwani, wakiwamo Washomvi, ambao mapokeo yao huwaunganisha na Barawa. Maelezo ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, yaliyochapishwa na Carl Velten mwaka 1903, yaonyesha kwamba ujumbe haukupatikana bila ada na karamu za gharama kubwa. Nguzo ya kaburi nayo huenda ilikuwa sehemu ya gharama za cheo.

Anguko la nyumba hizo laweza kusomwa katika maneno yenyewe. Sultani Majid alipoanza kuujenga mji wa Dar es Salaam katika miaka ya 1860, mamlaka ya pwani yalikuwa yakihamia Unguja. Wajerumani, walipoitwaa nchi, hawakulifuta neno jumbe, walilishusha. Jumbe akawa mkuu wa kijiji chini ya akida, akiikusanyia serikali kodi. Ama diwani, neno la asili ya Kiajemi lililopitia Kiarabu, leo ni mwakilishi wa kata achaguliwaye kwa kura, na Kata ya Kunduchi inaye wake.

Si kwamba makaburi yote ya kale yameachwa. Kaole, karibu na Bagamoyo, lipo kaburi la Sharifa, na watu wangali wakilizuru kuomba dua. Yeye hukumbukwa kwa baraka, wala si kwa cheo. Makaburi ya Kunduchi yamo katika ulinzi wa sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964, na wafikao huko wengi ni wanafunzi na watalii.