Muheza Ilivyojifunza Kumuuliza Mgonjwa

Sisi Wabondei wa Muheza, mkoani Tanga, tumelelewa kunyamaza. Kijana aliyelia jandoni aliitia nyumba aibu, na mwanamke aliyepiga kelele wakati wa uchungu alisimangwa na wanawake wale wale waliomshika magoti. Nilipovaa sare ya uuguzi niliyakuta hayo hayo wodini: aliyeuma meno aliitwa jasiri, aliyelia aliambiwa, "Jikaze, baba." Joto la mwili tuliliandika, mapigo ya moyo tuliyaandika. Maumivu hayakuwa na mstari wake kwenye faili.

Si kwamba watu walikosa tiba. Waumikaji walikuwa na pembe zao na wembe, bibi zetu walichua viungo kwa mafuta ya nazi. Mwaka 1965 wanasayansi Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba kwenye uti wa mgongo kuna kama lango, na hisia ya kusuguliwa yaweza kulibana, taarifa ya maumivu ikafika ubongoni imepungua. Bibi hakungoja kuisoma nadharia hiyo.

Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walifika Magila, karibu na Muheza, miaka ya 1860 na dawa zao, Wajerumani wakajenga hospitali Tanga mjini, pale Bombo. Mofini ilikwisha kujulikana Ulaya tangu mwanzoni mwa karne ya 19, lakini sisi tuliijua kama sindano ya watu wa upasuaji, inayokaa chini ya kufuli. Mgonjwa wa saratani alirudi kijijini na Panadol.

Ukimwi ndio uliotulazimisha kubadilika. Mwaka 2001 Dkt. Karilyn Collins alianzisha Muheza Hospice Care, huduma ya kuwatuliza wagonjwa mahututi, katika Hospitali Teule ya hapa Muheza. Kule Uganda, Dkt. Anne Merriman alikuwa ameonyesha njia tangu 1993: unga wa mofini huchanganywa na maji, mgonjwa akainywa nyumbani kwake kila baada ya saa nne. Ni chungu, na hufunga choo, kwa hiyo huandikwa pamoja na dawa ya kulainisha. Dawa hiyo ya kulainisha ikikosekana, mbegu kavu za papai hutafunwa.

Dawa, hata hivyo, ndiyo iliyokuwa kazi nyepesi. Muulize mzee wa Kibondei kama anaumwa: "Namshukuru Mungu." Hapo ndipo kiganja kinaposaidia, kipimo wanachokitumia Afrika watu wa tiba shufaa, yaani tiba ya kupunguza mateso ya mgonjwa. Ngumi maana yake hakuna maumivu. Vidole vitano, hayavumiliki. Vidole vikishainuka, maswali yanafuata: panauma wapi, panawaka au panapwita, unalala? Majibu hubadili dawa. Miguu inayowaka moto kwa sababu mishipa ya fahamu imeharibika mara nyingi haitulizwi vizuri na mofini peke yake, hivyo hujaribiwa amitriptilini, ambayo asili yake ni dawa ya sonona. Na daktari Cicely Saunders wa London alifundisha kwamba mtu huumia pia kwa hofu, kwa upweke, kwa imani iliyotikisika. Kwetu niongeze ada ya shule ya watoto.

Ndugu huniuliza bado kama mofini itamfanya mgonjwa wao teja. Kwa anayepimiwa dozi kulingana na maumivu yake, ni nadra mno. Kinachonisumbua zaidi ni ndugu wanaomjibia. Ukimpeleka mzazi wako kliniki, nyamaza wewe. Mwache ainue vidole mwenyewe.